Maswali mnayoniuliza kila wiki kuhusu mesej za kufowadiwa, picha feki na uongo wa mtandaoni

Kila Jumamosi mchana nakaa na watu kuwasaidia mambo ya simu na kuwapa elimu ya habari na taarifa, yaani kuikagua habari kabla ya kuiamini au kuisambaza, wengi ni wamama wa vikoba, vijana wanaotafuta ajira na wastaafu. Maswali yanajirudia sana kwahiyo nimeona niyaweke hapa pamoja, ukiwa na ndugu anasumbuliwa na haya mambo mpe asome.

Hii elimu ya habari na taarifa si ya waandishi wa habari? Mimi mama ntilie inanihusu nini?

Inakuhusu kuliko hata mwandishi. Zamani habari mpaka ikufikie ilikuwa imepita kwa mhariri, redioni kuna mtu kaisoma kwanza na gazetini kuna mtu kaikata, siku hizi huyo mhariri ni wewe hapo ulipo na simu yako mkononi na chungu jikoni, ukibonyeza tu imeenda kwa watu 200. UNESCO, shirika la elimu na utamaduni la Umoja wa Mataifa, wameitengea wiki nzima kila mwaka, tarehe 24 hadi 31 Oktoba. Kwa lugha ya nyumbani ni kujizoeza kuuliza maswali matatu: nani kasema, yeye kajuaje, na anataka mimi nifanye nini. Hilo la tatu ndo watu wengi hawaliulizi na ndo linalotoa siri nyingi, maana mesej ya uongo karibu zote zina kitu zinataka ufanye, utume hela, ubonyeze linki, uogope, umchukie mtu fulani au usambaze.

Uongo ni uongo tu, kuna haja ya kuupanga aina aina?

Ipo haja kwa sababu unavyoushughulikia ni tofauti. Kuna anayesambaza uongo akiamini kabisa ni kweli, huyo ni shangazi yako na hana kosa la moyo, wa kumwelewesha. Kuna anayeutengeneza kwa makusudi apate hela au kura, huyo wa kumripoti. Na kuna kitu cha tatu watu wanakisahau, jambo la kweli kabisa linalosambazwa ili kumuumiza mtu, mfano picha za faragha za msichana au cheti cha hospitali cha mtu. Hapo usiniulize "lakini si kweli?", kweli yake haikupi ruhusa ya kuisambaza.

Nitajuaje mesej ya kufowadiwa ni ya uongo? Mimi sina utaalamu.

Tuchukue moja ambayo nina hakika imeshakufikia, ile ya "Leo usiku kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 zima simu yako na uiweke mbali na mwili, mionzi hatari ya kosmiki itapita karibu na dunia, NASA na BBC wamethibitisha, watumie wote unaowapenda". Tuisome taratibu kama tunachambua mchele.

"Leo usiku" ni leo ipi? Haina tarehe. Mesej isiyo na tarehe haizeeki, aliyeipokea miaka kumi iliyopita alisoma "leo usiku" na wewe unasoma "leo usiku". Hiyo peke yake ingetosha kukusimamisha.

Alafu angalia zile saa. Mesej hii imezunguka dunia, kwa lugha nyingi, kwa zaidi ya miaka 10, na kila mahali saa ni zilezile sita na nusu mpaka tisa na nusu usiku, kwa saa za hapo mtu alipo. Sasa Dar ikiwa saa sita na nusu usiku kule Singapore kumeshakaribia kupambazuka, ni mionzi gani hiyo inayosubiri kila nchi ifike usiku wake ndo ipite?

Tuje kwenye NASA, lile shirika la anga la Marekani, na BBC. Majina makubwa yametajwa ila hakuna linki, hakuna jina la aliyesema, hakuna siku aliyosema. BBC wana idhaa ya Kiswahili, jambo la kuua watu usiku wa leo wangelitangaza mchana kutwa. Fungua tu intaneti uandike "mionzi ya kosmiki kuzima simu" utaona yenyewe. Na mionzi ya kosmiki ipo kweli, hapo ndo utamu wa uongo ulipo, una kipande cha kweli ndani. Inatufikia kila siku tangu dunia iwepo, anga na usumaku wa dunia vinatukinga, na simu yako ikiwa imewashwa au imezimwa haibadilishi chochote.

Mwisho kabisa "watumie wote unaowapenda". Hiyo ndo injini ya mesej yote. Aliyeiandika anajua hutaisambaza kwa sababu umeamini, utaisambaza kwa sababu unapenda watu, unasema hata kama si kweli nikiwatumia nitapungukiwa nini. Ndo maana uongo unaenda mbali hivi, unapanda mgongo wa upendo wetu.

Lakini aliyenitumia ni mtu wa heshima, ni mwalimu mstaafu, anidanganye ili iweje?

Hakudanganyi. Na yeye katumiwa na mtu wa heshima, na huyo katumiwa na mwingine, ukifuata mpaka mwanzo unakuta hamna mtu. Tunachanganya vitu viwili, uaminifu wa mtu na uhakika wa habari. Baba mkubwa ni mkweli, ila je baba mkubwa alikuwepo? Aliona? Kama hakuwepo basi jina lake lisitumike kama ushahidi.

Watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walipitia habari kama 126,000 zilizosambazwa Twitter kuanzia 2006 hadi 2017, utafiti wao ukatoka 2018 kwenye jarida la Science. Wakakuta habari ya uongo ina uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 70 wa kusambazwa tena kuliko ya kweli, na ya kweli ilichukua kama mara sita ya muda kufikia watu 1,500. Na wanaosambaza ni watu, sio maroboti, watu kama mimi na wewe, kwa sababu uongo unakuja na kitu kipya na cha kushtua, ukweli mara nyingi unakuja umevaa kawaida.

Ile mishale miwili juu ya mesej ya WhatsApp ina maana gani?

Mshale mmoja ni imefowadiwa. Miwili ni imepita mikononi mwa watu wengi, imefowadiwa mara tano au zaidi, na tangu Aprili 2020 mesej ya namna hiyo unaweza kuituma sehemu moja tu kwa wakati. Ukiona miwili tulia. Ila kutokuwepo mishale hakumaanishi ni salama, mtu akikopi maneno na kuyabandika upya mishale inapotea. Na msidhani WhatsApp wenyewe wanakagua, mesej zimefungwa tangu 2016 zinasomwa na mtumaji na mpokeaji tu, kwahiyo mkaguzi ni wewe.

Picha naikaguaje kwa simu ya kawaida?

Fungua programu ya Google, pale kwenye sehemu ya kutafutia kuna alama ya kamera, iguse, chagua ile picha uliyoihifadhi. Itakuletea sehemu nyingine picha hiyo ilipotokea. Ukikuta ajali unayoambiwa ni ya asubuhi hii ipo kwenye tovuti ya 2016 ya nchi nyingine basi umemaliza kazi. Kuna tovuti inaitwa TinEye nayo inafanya hivyohivyo na unaweza kupanga matokeo yaanze na ya zamani kabisa, hiyo naipenda. Video simamisha, piga skrinshoti sehemu inayoonekana vizuri, tafuta hiyo skrinshoti.

Na bando likiisha tumia macho. Magari yanapita upande gani? Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia, kwahiyo ukiletewa "fujo za leo Mwanza" na magari yote yako kulia hiyo sio Mwanza. Namba za magari ya kawaida ya watu binafsi kwetu zinaanza na T, za Kenya K, za Uganda U. Soma vibao vya maduka nyuma, sikiliza watu wanapiga kelele kwa lugha gani, angalia sare za askari, angalia kama kuna mvua na wewe huko uliko jua kali. Kuna kijana alikuja na video ya moto wa soko, kashtuka kweli kwa sababu kaka yake ana fremu pale, tukaisimamisha tukavuta karibu, kibao cha nyuma kimeandikwa kwa herufi ambazo hata kuzisoma hatuwezi. Alikaa chini akashika kichwa, kisha ndo akampigia kaka yake, akamkuta anauza kama kawaida. Angempigia kwanza angejua ndani ya dakika moja. Hilo nalo ni kukagua, kumpigia mtu aliyepo hapo.

Dawa za asili zinazotumwa kwenye magrupu nazo ni uongo zote?

Sio zote, na mimi sio adui wa miti shamba. Swali hili nitalijibu kwa urefu kwa sababu limenigusa nyumbani.

Kuna mesej ya stafeli, inasema tunda na majani yake yanaua saratani mara 10,000 kuliko dawa za hospitali na kwamba makampuni yanaficha. Mmeiona wote. Kipande cha kweli kilichomo ni kwamba kuna kemikali kwenye mstafeli ambazo ukiziweka maabara kwenye kisahani chenye seli za saratani zinaua seli. Ila kwenye kisahani hata vitu vingi vya kawaida vinaua seli, mwili wa mtu sio kisahani, na hakuna utafiti kwa binadamu ulioonyesha stafeli inaponya saratani. Kuna upande mwingine mesej haiusemi kabisa, watafiti kisiwa cha Guadeloupe walichapisha mwaka 1999 kwenye jarida la Lancet kuhusu watu waliokuwa wakitumia sana tunda na chai ya majani yake na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Kula stafeli lako moja kwa raha zako, hapo sina neno, naongelea kunywa majani kila siku miezi na miezi ukiacha matibabu.

Shangazi yangu alipata uvimbe kwenye titi. Mdogo mdogo, kama punje ya mahindi, alivyotuambia. Wiki hiyohiyo ile mesej ikaingia kwenye grupu la familia, aliyeituma alikuwa na nia njema kabisa, na mimi niliiona, niliisoma jikoni nimesimama, nikajua sio kweli, nikanyamaza kwa sababu aliyetuma ni mkubwa wangu na sikutaka ionekane namkosoa mbele za watu. Shangazi akaanza kuchemsha majani asubuhi na jioni, akawa hata anatutumia picha ya sufuria. Miezi minne. Alipofika Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, uvimbe haukuwa punje tena. Sitaandika yote yaliyofuata, yuko hai tunamshukuru Mungu, lakini ile miezi minne hakuna wa kumrudishia, na ninapowaambia watu wasinyamaze kwenye grupu nasema nikiona ile sufuria.

Kwahiyo jibu langu, mesej yoyote inayokwambia acha dawa, ahirisha kwenda hospitali, au dawa moja inatibu kisukari na presha na saratani na nguvu za kiume kwa pamoja, isiishie kuitilia shaka tu, ijibu hapohapo.

Video nimeiona kwa macho yangu na sauti ni yake, bado unasema feki?

Inawezekana. Machi 2022 ilisambazwa video ya rais wa Ukraine Zelensky akiwaambia askari wake waweke silaha chini, ilitengenezwa na kompyuta, hakusema. Machi 2023 picha ya Papa Fransisko amevaa koti kubwa jeupe la kisasa ilidanganya watu wengi duniani, ilitengenezwa na akili mnemba. Na huo ulikuwa mwanzo, sasa hivi ni rahisi zaidi na sauti ya mtu inaigwa kwa sekunde chache za kurekodi.

Zamani nilikuwa nawaambia watu wahesabu vidole na waangalie meno, siku hizi naacha kuwaambia hivyo maana teknolojia inajirekebisha na mtu akihesabu vidole vitano anaamini kila kitu. Uliza badala yake nani mwingine kairusha. Kiongozi akisema jambo zito lazima liwe kwenye redio, tivii na magazeti zaidi ya kimoja, likiwa kwenye klipu ya sekunde 30 peke yake bila mwanzo wala mwisho subiri. Na video ya kiongozi au mtangazaji maarufu anayekwambia weka laki moja upate milioni kwa wiki, hiyo hata usisubiri.

Akaunti ina tiki ya bluu, hiyo si imethibitishwa?

Zamani ndiyo. X, ile iliyokuwa Twitter, tangu mwishoni mwa 2022 tiki inanunuliwa, na Aprili 2023 wakaondoa zile za zamani za bure. Soma jina la akaunti herufi kwa herufi, angalia ilifunguliwa lini na iliposti nini miezi ya nyuma. Kurasa feki za Simba na Yanga kipindi cha usajili zinatofautiana na za kweli kwa herufi moja tu au kistari.

"Ile hela tuma kwenye namba hii", bando la bure, ajira mpya, hizi nazo zinahusika?

Sana, ni uongo uleule ila huu unataka pochi moja kwa moja. Ile ya "tuma kwenye namba hii" haikulengi wewe, inarushwa kwa maelfu, inamsubiri yule mmoja ambaye kweli alikuwa anataka kumtumia mtu kodi siku hiyo. Kabla ya kutuma hela piga simu kwa namba uliyokuwa nayo mwanzo usikie sauti. Namba ya tapeli kwa hapa Tanzania itume kwenda 15040, na ukipiga *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kuna watu wamekuta laini wasizozijua kabisa.

GB 50 za bure kwa sababu kampuni inatimiza miaka kadhaa, na ili uzipate utume kwa watu 12 au magrupu matano, hakuna. Unasambaza linki ya mwizi kwa jina lako.

Ajira, soma mwisho wa anwani ya tovuti. Ofisi za serikali Tanzania zinatumia .go.tz na Kenya .go.ke, hizo hapewi mtu binafsi. Anwani inaweza kuwa na neno ajira na neno Tanzania na picha ya ngao lakini ikaishia .com, hiyo iache. Na ukiambiwa lipia fomu, lipia mafunzo, lipia sare kabla ya usaili, toka. Vijana wananilia hapa, mtu kauza simu alipie "nafasi", inauma sana.

Nyingine ni ya zile tarakimu 6 za kufungulia WhatsApp, ambazo watu wanaziita kodi. Rafiki anakuandikia "nimekosea nimetuma kodi kwenye namba yako nisomee", ukimsomea umempa WhatsApp yako, na dakika kumi baadaye anawakopa ndugu zako kwa jina lako. Usimsomee mtu yeyote, hata mumeo. Weka na ile PIN ya hatua mbili kwenye mipangilio.

Wahusika wamekaa kimya na mtaani kila mtu anasema lake, niamini nani?

Hili ni gumu na sitaki kuwalaumu wananchi peke yao. Taarifa rasmi ikichelewa uvumi unajaa kwenye lile pengo. Machi 2021 tulikaa siku nyingi bila kujua hali ya Rais Magufuli, uvumi ukazagaa, watu wakakamatwa kwa walichoandika, mpaka tarehe 17 usiku Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alipotangaza msiba. Ofisi zikitaka uvumi upungue ziseme mapema.

Kwa upande wako, saa za mwanzo za tukio lolote idadi ya waliokufa, majina na chanzo hubadilika, usiwe wa kwanza. Kutaja jina la marehemu kabla familia haijaambiwa ni ukatili, hata ukipatia. Na usiamini nembo peke yake, kabla ya uchaguzi wa Kenya wa 2017 zilisambazwa klipu zilizojifanya taarifa za BBC na CNN kuhusu kura za maoni, na zote zilikuwa za kughushi. Nenda kwenye ukurasa wenyewe wa chombo uone kama habari ipo.

Kuna sehemu ya kuuliza nikishindwa?

Zipo. Tanzania kuna JamiiCheck na Nukta Fakti, wote wanaandika Kiswahili. PesaCheck na Africa Check wanashughulikia nchi nyingi za Afrika. Tafuta kwanza maana mesej nyingi zimeshakaguliwa zamani.

Nimsahihishe vipi mkubwa wangu bila kumvunjia heshima?

Mfuate inbox, sio kwenye grupu. Mimi siku hizi naandika hivi: "Shikamoo baba mkubwa, habari za nyumbani. Ile ya jana ya mionzi nimejaribu kuitafuta nimekuta ni ya zamani na ilishakanushwa, nikaona nikwambie wewe kwanza maana wengine kwenye grupu wanakusikiliza sana." Alafu linki moja, sio tano. Mara nyingi anaifuta mwenyewe na kuwaambia wenzake, na heshima yake inaongezeka. Usianze na "huo ni uongo", anza na "nimeitafuta". Ila ikiwa ni jambo la afya na kuna mgonjwa anasoma, usisubiri inbox, jibu hapohapo kwa upole, uombe radhi baadaye. Na ukiwa admini kumbuka unaweza kufuta mesej ya mtu mwingine kwa wote.

Nimeshasambaza kitu na nimegundua sio kweli, je nitashtakiwa?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha huku akijua ni uongo na ana nia ya kupotosha au kuumiza, adhabu ni faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu au vyote. Kukosea bila kujua ni kitu kingine, lakini ukishajua na ukaiacha pale unajiweka pabaya.

WhatsApp inakuruhusu kufuta kwa wote ndani ya siku mbili na saa 12. Futa, lakini usiishie kufuta, kwa sababu waliosoma wameshasoma na pengine wameshapeleka mbele. Andika kulekule ulikotuma, kwa maneno yako mwenyewe: "Ndugu zangu ile niliyotuma asubuhi nimekuta sio kweli, mkiwa mmemtumia mtu mwambieni." Yule aliyetuma ile ya stafeli kwetu alisema hivyo kwenye grupu baada ya mimi kumpigia, kwa ujumbe wa sauti wa dakika nzima, na shangazi akamjibu kwa maneno mawili tu, "Asante mwanangu."